Steam, Epic au GOG: bei ni ile ile, basi ununue wapi?

Swali: "Naishi Umoja, Nairobi. Nimeunda kompyuta yenye kadi ya GTX 1650 na nimechoka na gemu za kunakiliwa kwenye flashi mjini: hazipati masasisho, na zimeniletea virusi. Nataka kununua halali. Nimesoma kwamba kati ya maduka ya gemu ya mtandaoni, Epic hukata watengenezaji asilimia 12 ya mauzo ilhali Steam hukata 30, lakini nikilinganisha bei naona ni sawa. Tofauti hiyo inaenda wapi? Na kwa mtu anayelipa kwa M-Pesa na kutumia faiba ya Mbps 15, duka lipi linamfaa?"

Jibu: Ndugu yangu, tofauti hiyo inabaki kwa kampuni iliyotoa gemu. Chukua gemu ya dola 60. Ikiuzwa Steam kwa makato ya asilimia 30, Valve, ambao ndio wenye Steam, wanabaki na dola 18 na mwenye gemu anapata 42. Ikiuzwa Epic, duka linabaki na dola 7.20 na mwenye gemu anapata 52.80. Kama angeridhika na zile 42 hata anapouza Epic, angeweza kukuuzia kwa takriban dola 47.73. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129 hivi, hilo ni punguzo la zaidi ya shilingi 1,500 ambalo wewe hulioni.

Hulioni kwa sababu maduka haya hayapangi bei. Bei hupangwa na kampuni inayotoa gemu, na kampuni ikiongezewa dola 10.80 kwa kila nakala haisukumwi na chochote kukurudishia wewe ambaye tayari ulikubali kulipa 60. Mara chache imetokea. Gemu ya Metro Exodus ilipotoka Februari 2019 ikiwa Epic pekee, Wamarekani waliuziwa dola 49.99 badala ya 59.99. Mfano huo haukufuatwa na wengi. Mei mwaka huohuo Epic walipoendesha ofa ya kuponi ya dola 10 kwa gharama yao wenyewe, baadhi ya gemu, ikiwemo Oxygen Not Included, ziliondolewa dukani kwa muda. Tazama hapo: aliyelipia punguzo ni duka, mwenye gemu hakupoteza hata senti, na bado kuna waliokataa gemu zao zionekane kwa bei ya chini. Bei ni kitu kinacholindwa kuliko makato.

Kuna pia suala la usawa wa bei. Valve huwapa watengenezaji bure misimbo ya Steam, yaani namba za kufungulia gemu kwenye akaunti ya Steam, wakaiuze kwingine, na katika mauzo hayo Valve haikati chochote. Sharti lake ni kwamba wateja wa Steam wasipewe ofa duni kuliko wa kwingine. Wolfire Games, watengenezaji walioishtaki Valve nchini Marekani mwaka 2021, wanadai kwamba shinikizo hilo hufika hata kwa nakala zisizotumia misimbo ya Steam, na kwamba ndilo linalozuia maduka yenye makato madogo kuuza kwa bei ya chini. Valve inakana. Novemba 2024 mahakama ilikubali kesi hiyo iendeshwe kwa niaba ya kundi zima la watengenezaji.

Na zaidi ya yote, watu wako Steam. Machi 2025 zaidi ya watumiaji milioni 40 walikuwa wameingia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wakubwa waliojaribu kujitenga walirudi. EA waliweka gemu zao mpya kwenye duka lao Origin tangu 2011, wakarejea Steam kuanzia mwishoni mwa 2019. Ubisoft waliacha kupeleka gemu mpya Steam mwaka 2019, wakarudi mwishoni mwa 2022. Valve nao hawakukaa kimya: siku chache kabla Epic hawajafungua duka Desemba 2018, walitangaza kwamba gemu ikipita mauzo ya dola milioni 10 makato ya kinachozidi yanashuka hadi asilimia 25, na ikipita milioni 50 yanashuka hadi 20. Ahueni hiyo iliwafikia wenye gemu kubwa. Mtengenezaji mdogo anayeuza nakala elfu chache alibaki na 30 yake, na kwangu hilo ndilo doa kubwa zaidi la Steam hadi leo. Epic wameligusa doa hilo hasa: tangu Juni 2025 hawakati chochote kwenye dola milioni 1 ya kwanza ya mapato ya kila gemu kwa mwaka.

Kwa hiyo usitafute faida yako kwenye bei ya kawaida. Iko mahali pengine patatu: gemu za bure, haki ya kurudishiwa pesa, na namna unavyoweza kuhifadhi ulichonunua. Fungua akaunti kwenye maduka yote matatu, maana hazilipiwi, kisha amua kwa kila gemu peke yake.

Epic kwanza, kwa kuwa hapo hutoi chochote. Kila Alhamisi hubadilisha gemu ya bure. Kwa saa zetu ni saa kumi na mbili jioni, na Marekani wanaporudisha saa nyuma mwezi Novemba inakuwa saa moja usiku hadi Machi. Ukishaichukua ni yako kwenye akaunti hata kama huipakui, kwa hiyo ichukue kwa simu kupitia tovuti yao hata ukiwa kwenye matatu. Usidhani ni zawadi isiyo na hesabu. Nyaraka zilizotolewa mahakamani katika kesi ya Epic na Apple mwaka 2021 zilionyesha kwamba kati ya Desemba 2018 na Septemba 2019 Epic walitumia takriban dola milioni 11.6 kununua gemu za kugawa, wakapata akaunti mpya kama milioni 5. Ni dola mbili na kitu kwa kila mteja mpya.

Sehemu ambayo wengi hawaioni mapema ni nyongeza, zile DLC. Nyongeza iliyonunuliwa Steam haifanyi kazi na gemu uliyochukua Epic, wala kinyume chake. Ukichukua gemu ya bure Epic kisha ukapenda kuongeza sura mpya, umeshafungwa kununua hapohapo. Kabla hujaianza gemu ya bure kwa dhati, angalia bei za nyongeza zake. Pengine toleo kamili lenye nyongeza zote linauzwa Steam kwenye ofa kwa bei ya chini ya nyongeza mbili za Epic. Na ukihama katikati, gemu nyingi hazitakuhamishia ulipofika: hifadhi za mtandaoni za Epic na za Steam hazizungumzi. Mara nyingine unaweza kunakili folda ya hifadhi kwa mkono, mara nyingine faili hazilingani.

Sasa haki ya kurudishiwa pesa, ambayo kwa mwenye GTX 1650 ina thamani kuliko punguzo lolote. Kadi yako ina kumbukumbu ya GB 4, na gemu nyingi za miaka ya karibuni zitaijaza hiyo na kuanza kukwamakwama hata kama prosesa yako ni nzuri. Steam, tangu Juni 2015, hukurudishia ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Epic wana kipimo kilekile. GOG wana siku 30 tangu 2020, hata kama umepakua na umecheza.

Saa mbili za Steam zinahesabiwa programu ya gemu ikiwa imefunguliwa. Kupakua hakuhesabiwi. Lakini gemu nyingi mpya zikifunguliwa mara ya kwanza huandaa picha kwa ajili ya kadi yako, kazi inayoweza kuchukua dakika 10 au hata 30 kwenye prosesa ya kawaida, na muda huo wote unakula saa zako. Hali kadhalika ukiacha gemu imesimama kwenye menyu ukaenda kupika. Kwa hiyo ukinunua, panga hivi: subiri upakuaji uishe kabisa, sasisha dereva ya kadi kabla ya kufungua, kisha nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya picha, weka azimio la 1920 kwa 1080 na viwango vya chini, na ufike sehemu yenye watu wengi au mapigano ndani ya dakika 40 hivi. Ukumbi wa mwanzo wa gemu huwa mwepesi na hudanganya. Ikikwama hapo, omba pesa kupitia ukurasa wa msaada wa Steam siku hiyohiyo. Ukichagua zirudi kwenye pochi ya Steam badala ya kadi, unaepuka pia hasara ya kubadilisha fedha mara ya pili.

Kuna jambo wengi hawalitumii: ukinunua leo kwa bei kamili na kesho ofa ikaanza, Steam wanasema wazi kwamba kuomba pesa na kununua upya kwa bei ya ofa hawalihesabu kuwa ujanja. Mradi uko ndani ya siku 14 na chini ya saa mbili. Ofa zao huanza saa mbili usiku kwa saa za Nairobi, au saa tatu wakati wa baridi ya kwao. Na ofa kubwa ikishaanza, bei ya gemu haibadiliki kila siku kama ilivyokuwa zamani, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia siku ya kwanza.

Upakuaji ndio utakaoamua mengi kwako. Mbps 15 ni kama MB 1.9 kwa sekunde, yaani GB 6.75 kwa saa ikiwa hakuna mwingine nyumbani anayetazama video. Gemu ya GB 100 inakuchukua takriban saa 15. Stima ikipotea katikati si hasara kubwa, kwa sababu Steam na Epic huendelea pale zilipoishia, ingawa Steam inaweza kwanza kukagua faili zilizopo na kuonekana kama imekwama. Iache. Ukiona kasi ni ndogo kuliko ya kawaida, ingia mipangilio ya upakuaji ubadilishe eneo: jaribu Johannesburg, kisha mji mmoja wa Ulaya, uone lipi linakwenda kasi saa hiyo. Hapohapo unaweza kupanga masasisho yafanyike usiku wa manane tu.

Kama una rafiki mwenye gemu ileile, Steam tangu 2023 inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani kupeana faili bila kuzipakua upya kutoka nje. Washa kipengele hicho kwenye kompyuta zote mbili, na ikiwezekana ziunganishe kwa waya kwenye ruta, kwa maana WiFi ya ruta za bure za faiba huchoka haraka. Kila mmoja lazima awe na gemu kwenye akaunti yake. Epic inahitaji mkono: anza kusakinisha kwako, ngoja ifike asilimia moja au mbili, funga programu ya Epic kabisa, nakili folda ya gemu kutoka kwenye hadidiski ya rafiki juu ya ile iliyoanza, kisha fungua na uendelee. Itakagua faili na kupakua zinazokosekana tu. Ukisahau kuifunga Epic kabla ya kunakili, itafuta na kuanza upya, na utakuwa umechosha hadidiski bure.

GOG ndiyo inayowafaa zaidi watu wa hali yako, na sioni ikitajwa vya kutosha hapa Nairobi. Duka hili lilianzishwa na CD Projekt wa Poland mwaka 2008, na gemu zake hazina DRM, lile kufuli linalozuia gemu kufunguka bila idhini ya duka. Unapakua faili za kusakinisha, unaziweka kwenye hadidiski ya nje, na unaweza kusakinisha miaka kumi baadaye bila intaneti wala akaunti. Kisheria kote unanunua leseni ya kutumia tu, ila kwa GOG faili zinabaki mkononi mwako. Steam wenyewe tangu Oktoba 2024 huandika hivyo kwenye ukurasa wa malipo. Akaunti ikifungiwa, au seva zikifa, leseni haina la kukusaidia.

Faida yake ya kila siku ni kwamba unaweza kupakulia mahali penye intaneti nzuri ukabeba nyumbani. Faili za GOG hugawanywa vipande visivyozidi GB 4 ili ziingie hata kwenye flashi ya muundo wa zamani wa FAT32. Kimoja kitaishia na .exe na vingine na .bin. Vyote lazima vikae folda moja na majina yasibadilishwe. Kimoja kikikosekana au kikikatika wakati wa kupakua, usakinishaji hufika katikati na kukataa. Acha nafasi ya kutosha pia: gemu ya GB 50 inaweza kuhitaji karibu GB 100 wakati wa kusakinisha, nusu ya faili za usakinishaji na nusu ya gemu yenyewe. Hadidiski ya nje ikibeba zile .bin, kompyuta haibanwi.

Upungufu wa GOG ni kwamba gemu nyingi mpya za kampuni kubwa hazipo, masasisho ya watengenezaji wadogo wakati mwingine huchelewa, na gemu za kucheza na wengine huko hazina watu. Ikiwa gemu inachezwa na marafiki, nenda walipo marafiki, na hakikisha kwanza kama nakala za Epic na Steam zinacheza pamoja. Ikiwa unapenda modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji, nenda Steam kwa sababu ya Workshop, sehemu yake ya kuyapakua. Ikiwa ni gemu ya mtu mmoja na ipo GOG kwa bei ileile, nunua GOG. Cyberpunk 2077, kwa mfano, iko kwenye maduka yote matatu, na huo ni uamuzi mwepesi.

Malipo. Steam huonyesha Wakenya bei kwa dola, si shilingi. Njia isiyohitaji benki ni kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, inayofunguliwa kwenye app ya M-Pesa au *334#. Inakata moja kwa moja kwenye salio lako, na nambari yake ya CVV hutolewa upya kila unapotaka kulipa. Malipo yakikataa, mara nyingi ni kwa moja ya haya: salio limelingana sawasawa na bei bila nafasi ya ubadilishaji fedha na kodi, CVV imepitwa na muda ukijaza fomu polepole, au jina na anwani vimeandikwa ovyo. Andika jina kama lilivyosajiliwa kwenye laini, mji Nairobi, msimbo wa posta 00100, nchi Kenya. Ikikataa mara mbili, acha. Steam hufunga manunuzi kwa saa kadhaa ukijaribu mara nyingi, na hakuna wa kumbembeleza akufungulie mapema.

Kwa akaunti mpya ya Steam ningeanza kwa kuweka dola 5 kwenye pochi, kiwango cha chini kabisa. Kwa gharama ndogo unajua kama kadi inapita, na akaunti inaondolewa vizuizi: isiyotumia dola 5 hairuhusiwi hata kuongeza marafiki. Washa Steam Guard, ulinzi wa akaunti kwa msimbo wa ziada, kwenye simu na uandike kwenye karatasi ule msimbo wa dharura unaoanza na herufi R. Laini ikipotea au simu ikiibwa mjini, msimbo huo ndio utakaokurudishia akaunti.

Usitumie VPN kununua kwa bei za nchi nyingine. Bei nafuu za Argentina na Uturuki zilizokuwa zikivutia watu zilibadilishwa Novemba 2023, nchi hizo zikahamishiwa dola. Isitoshe, kudanganya mahali ulipo ni kuvunja mkataba wa Steam, na nchi ya akaunti haibadilishwi zaidi ya mara moja kila miezi mitatu.

Mwisho ni misimbo ya bei rahisi kwenye masoko kama G2A na Kinguin. Huko muuzaji ni mtu mwingine, si soko lenyewe, na hujui msimbo aliupata wapi. Januari 2015 Ubisoft walizima misimbo ya Far Cry 4 na nyingine iliyokuwa imenunuliwa kwa kadi za benki za wizi na kuuzwa tena kwenye masoko ya aina hiyo. Wanunuzi waliamka gemu haipo. Mingine imefungwa kwa eneo fulani na Kenya itakataa. Maduka ya Humble, Fanatical na Green Man Gaming huuza misimbo waliyopewa na wenye gemu wenyewe, na mara nyingi bei yao inaishinda ya Steam hata nje ya msimu wa ofa. Kabla ya kulipa, tafuta gemu kwenye IsThereAnyDeal: inalinganisha maduka na kuonyesha bei ya chini kabisa iliyowahi kufikiwa. Soma hapo pia msimbo unawashwa wapi na kama unakubali Kenya, na ukumbuke kwamba haki ya kurudishiwa pesa hufuata sharti la duka ulilolipa, si la Steam. Kwa gemu usiyo na hakika kama GTX 1650 itaibeba, ni afadhali uongeze dola mbili tatu ununue Steam kwenyewe.